Mate ya Mzee Erupe

Namuria Erupe hajui kufanya jambo nusu. Ukimwambia afagie, atafagia mpaka mchanga uliowekwa na Mungu mwenyewe. Huo ndio wema wake na huo huo ndio ugonjwa wake. Ninayesema hivi ni rafiki yake tangu tulipolala vitanda vya kupandana katika chuo cha uuguzi pale Lodwar, yeye binti wa mvuvi wa Kerio, mimi Nekesa niliyetoka Bungoma nikidhani nitakaa Turkana mwaka mmoja kisha nihamishwe. Sikuhamishwa. Niko Lodwar mpaka leo, kwenye kliniki ya kifua kikuu, na wagonjwa wangu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na katika habari hii utausikia.

Mama yake Namuria alifariki yeye akiwa mdogo. Baba yake, Mzee Erupe, hakuoa tena. Alimlea kwa samaki wa Ziwa Turkana, akampeleka shule ya misheni, na kila muhula ulipoanza alikuja Lodwar na gunia la samaki wakavu, nusu ya kuuza na nusu ya kututunukia sisi bweni zima. Kiswahili chake ni cha kununulia na kuuzia samaki, alichojifunza kwa wachuuzi waliotoka Kitale na Kisumu. Kabla ya kila mtihani alimsimamisha Namuria mbele yake, akatafuna tumbaku, akasema maneno ya kumwombea, kisha akampulizia mate kwenye paji la uso na kifuani. Kwao mzee habariki kwa maneno matupu. Mate ndiyo baraka yenyewe, yanatoka mahali neno linapotoka.

Mara ya kwanza alipotaka kunibariki na mimi nilirudi nyuma. Namuria alicheka mpaka akakaa chini. "Simama, wewe," akaniambia, "unataka kupita mtihani au hutaki?" Nikasimama, nikapuliziwa, nikanuka tumbaku kutwa nzima. Nilipita.

Tulipomaliza chuo, Namuria alipelekwa Nariokotome, akakaa huko miaka kadhaa na ngamia na upepo, kisha akahamishiwa zahanati moja iliyo kando ya barabara kati ya Kakuma mjini na Kalobeyei. Jina lake silitaji, wenyewe wanajijua. Inahudumia wenyeji na wakimbizi pamoja, na msimamizi wake alikuwa afisa tabibu aitwaye Kipchumba, kijana mpole, msafi, anayevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya vumbi. Ningependa kukwambia alikuwa mtu mbaya. Hakuwa, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Wafadhili fulani walileta paneli za jua na kiyoyozi. Kiyoyozi Kakuma! Fikiria mahali ambapo bati linakukaanga kichwa kuanzia saa tatu asubuhi, halafu mtu anakuletea baridi ukutani. Kikafungwa katika chumba kikubwa cha mashauriano, na kuanzia siku hiyo zahanati nzima ikahamia humo. Meza ya Kipchumba humo. Meza ya Namuria humo. Makarani wa kumbukumbu, dawa za kifua kikuu, mizani ya watoto, wote humo. Madirisha yakapigwa misumari, ufa wa chini ya mlango ukazibwa kwa gunia, na Kipchumba akabandika tangazo: FUNGA MLANGO.

Sasa sikiliza mambo. Katika semina tulifundishwa wote kwamba mgonjwa anayekohoa asikae foleni na wengine. Apitishwe mbele, ahudumiwe upesi, aende. Ni jambo zuri. Basi pale kwao mwenye kikohozi alipitishwa mbele kweli kweli. Aliingizwa moja kwa moja kwenye chumba cha baridi, akakalishwa kwenye benchi, watano, sita, wakikohoa taratibu wakingoja zamu, mlango umefungwa, kiyoyozi kinachukua pumzi zao kinawarudishia zile zile, zimepoa. Na mfanyakazi akiona jinsi wanavyotulia humo ndani anasema, "Unaona? Wanapenda huduma yetu."

Nilipita pale siku moja nikipeleka dawa, nikaingia, nikahisi harufu ya chumba kile, na damu ikanipanda. Nikamuuliza Kipchumba mbele ya watu, maana mimi sijui kuvuta mtu kando, "Daktari, TB inaambukizwa vipi?"

"Kwa hewa," akajibu mara moja, kama mtoto aliyesoma.

"Sasa mbona umefunga madirisha?"

"Ndiyo maana nimefunga, sista. Hewa chafu isiingie. Hebu ona vumbi huko nje. Hiyo vumbi ndiyo inaharibu watu kifua hapa."

Ningekuwa na mpumbavu mbele yangu ningejua pa kuanzia. Huyu alikuwa mtu aliyelijua jibu kabisa, aliyelipata kwa haki kwenye karatasi ya maswali, na akalitumia kugongea misumari. Nilimweleza kwamba hewa chafu ndiyo ile ya ndani, kwamba upepo wa nje ndio unaoiondoa. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia atalifikiria, na kwamba kiyoyozi kikila vumbi kitaharibika na wafadhili watauliza. Watu benchini walinitazama kwa wasiwasi. Walidhani nimekuja kuwaondolea baridi, na kusema kweli ndilo nililotaka.

Namuria alinifuata nje akiwa amenuna. "Umenitia aibu kazini kwangu," akasema.

"Nimekutia aibu? Wewe unakaa humo ndani kutwa."

"Mimi najikinga. Unadhani silali na hiyo kazi kichwani?"

Akanionyesha anavyojikinga, na hapo ndipo nilipotaka kulia. Alikuwa na vikombe vya wagonjwa vya rangi nyekundu, visivyochanganyika na vingine, vilivyochemshwa kila jioni. Alikuwa na makopo ya kutemea yaliyojaa mchanga na dawa ya kuua vijidudu. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Na alikuwa amepiga marufuku wazee kubariki watoto kwa mate ndani ya uwanja wa zahanati. Wazee wa kutoka manyatani, waliokuja kuona wajukuu waliozaliwa, walisimamishwa langoni na kuambiwa na muuguzi Mturkana, kwa Kiturkana, kwamba mate yao yana ugonjwa.

"Namuria," nikasema, "TB haipiti kwa kikombe. Haipiti kwa mate ya baraka. Mtu anakohoa, ile pumzi inabaki hewani, mwingine anaivuta. Basi. Vikombe vyako umechemsha bure."

"Kwenye bango la semina kuna picha ya mtu anatema mate na alama nyekundu juu."

"Hilo bango linasema usiteme ovyo!"

"Sasa mate ni mabaya au si mabaya? Chagueni moja." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tukakaa muda bila kupigiana simu. Nilijua nina haki na nilijua nimeiharibu kwa mdomo wangu, na kujua yote mawili hakukunisaidia chochote.

Tulipatanishwa na ugonjwa. Mzee Erupe aliletwa Lodwar na wavuvi wenzake akiwa amekonda, shati linamning'inia, anatema damu. Kilikuwa kifua kikuu, cha kawaida, kile kinachosikia dawa. Nilimtibu mimi mwenyewe. Mzee yule alimeza vidonge vyake miezi sita yote bila kuruka, akikaa kwa binamu yake karibu na kliniki, akija kila asubuhi kunisalimia, "Ejok, mwalimu wa dawa," na mimi namjibu, "Ejok noi, Apa," yaani salama sana, baba. Wiki chache tu baada ya kuanza, hakuwa tena mtu wa kumwambukiza yeyote. Mwishoni tukampima makohozi tena na tena, safi. Nilimshika mkono nikamwambia amepona, akacheza hatua mbili tatu pale pale uwanjani.

Ikawa kwamba katika miezi hiyo Namuria alijifungua. Alikuwa ameolewa muda mrefu na Adome, dereva wa lori la mbao, na mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Huyu wa tatu alikaa. Mvulana, wakamwita Ekai. Sijawahi kumwona mzee akifurahi kama Mzee Erupe siku aliyosikia habari hizo. Alitaka kwenda Kakuma siku hiyo hiyo. Nikamzuia amalize dawa kwanza, si kwa kuogopa ataambukiza, bali nilijua akianza kuhangaika barabarani ataruka vidonge. Akangoja. Siku aliyopewa ruhusa alinunua tumbaku mpya, akaazima shuka safi, akapanda gari la Kakuma.

Nilimpigia Namuria. "Baba yako amepona, anakuja kumbariki mtoto. Mwache ambariki."

"Nimesikia," akasema.

Yaliyotokea nilisimuliwa na mzee mwenyewe, baadaye akathibitisha Namuria. Alimkuta binti yake nyumbani kwake, nyuma ya zahanati. Akakaribishwa vizuri, akapewa chai katika kikombe chekundu. Hakujua maana ya rangi, akanywa. Kisha akatoa tumbaku, akaanza kutafuna, akasema, "Lete mtoto yangu nimuone."

Namuria akamwinua Ekai, lakini akasimama upande wa pili wa meza. "Apa, utamwona kwa macho tu. Mate usitoe."

Mzee alidhani anataniwa. "Mimi nimemaliza dawa. Nekesa amesema mimi ni msafi."

"Najua umemaliza. Lakini mtoto ni mdogo." Na akainua mkono, kiganja mbele, hivi, kama anavyowasimamisha wazee langoni.

Mzee akakitazama kile kiganja. Alikuwa na mdomo uliojaa tumbaku na maneno yote tayari, na hakuwa na mahali pa kuyaweka. Akatoka nje, akatema mchangani mbali na nyumba, akarudi kuaga. "Nyinyi ndio mmesoma," akasema. Akapanda gari la kurudi. Kwa Mturkana mtoto aliyenyimwa mate ya babu yake ametoka nyumbani uchi, na mzee aliyekatazwa kuyatoa ni kama amezikwa akiwa hai. Namuria alilijua hilo kuliko mimi. Alilia usiku kucha, akaamka, akanawa mikono, akaenda kazini. Aliamini amemwokoa mwanawe.

Alienda kazini na mtoto. Kule nyuma kulikuwa na joto, basi Ekai akalazwa katika kikapu chini ya kiyoyozi, mahali penye baridi nzuri, hatua chache kutoka benchi la wanaokohoa.

Nadhani umeshafahamu yaliyofuata, nami nayasema kwa uchungu. Namuria akaanza kukohoa. Akasema ni vumbi. Akakonda. Akasema ni kunyonyesha. Kipchumba akampa dawa ya mafua. Ni mpaka jasho la usiku lilipolowesha godoro ndipo Adome alipomleta Lodwar kwa nguvu, akanipata mimi. Nilipoyaona majibu yake nilikaa chini kwenye ngazi za maabara, nikatukana kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, maana Kiswahili hakikunitosha.

Ekai tulimpima. Alikuwa mzima, Mungu ni mkubwa, tukamwanzishia dawa ya kinga. Namuria tukampa barakoa na vidonge, na ruhusa ya kuendelea kunyonyesha. Alikuwa akinitazama juu ya ile barakoa kwa macho makubwa.

"Ni baba," akasema.

"Si baba."

"Ni baba, Nekesa. Alikunywa chai kwangu. Nilichelewa kuchemsha kile kikombe."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Haikusaidia. Zahanati yake yote ilisema ni mzee. Kipchumba, aliyekuja kumjulia hali na maziwa ya ngamia katika kibuyu, alitikisa kichwa kwa huruma akasema, "Wazazi wetu hawa, tunawapenda lakini wanatuletea mambo." Habari ikasafiri. Ikafika Kerio kabla mimi sijapata nafasi ya kwenda, na ilipofika ilikuwa imekwisha kukua. Mzee Erupe, walisema, alimpulizia binti yake TB kwa ujeuri ingawa alikatazwa. Mzee hakujitetea. Alihama boma la ndugu zake, akajijengea kibanda peke yake kuelekea mahali mto unapoingia ziwani, akawa anakula mbali na ndugu zake na kikombe chake amekifunga kamba kiunoni ili mtu asije akakitumia kwa bahati mbaya.

Kilichomfumbua macho Namuria hakikuwa maneno yangu. Alikuwa Malith, mmoja wa makarani wa kumbukumbu, kijana wa Sudan Kusini anayeishi kambini, ambaye meza yake ilikuwa karibu na benchi kuliko meza zote. Alikuja Lodwar na kikohozi kile kile. Akapimwa, akakutwa nayo. Namuria alikuwa amekaa nje chini ya banda letu akingoja dawa zake, akamwona anatoka na barakoa.

"Malith, wewe pia?"

"Mimi pia, sista."

"Uliwahi kukaa na baba yangu? Alipokuja?"

"Baba yako? Huyo mimi sijaona hata siku moja. Siku hiyo nilikuwa likizo, nilikuwa kwa watu yangu Kalobeyei."

Nilimwona Namuria anahesabu kichwani, meza ya Malith, meza yake, benchi, kikapu. Alipofika kwenye kikapu alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. "Nilimweka pale mwenyewe," akasema. "Nilimweka pale kwa sababu palikuwa pazuri." Mwaka mzima nilikuwa nikitamani kumwambia *si nilikuambia*, na siku ile nafasi ilipokuja sikuitaka.

Utauliza zahanati ilifanyaje. Niliandika, nikapiga simu, nikaenda. Siku wageni kutoka kwa wafadhili walipokuja, misumari iling'olewa na madirisha yakawa wazi vizuri, mapazia yanapepea. Wakapiga picha, wakaondoka. Nilirudi baadaye nikakuta gunia limerudi chini ya mlango. Kipchumba aliniambia wagonjwa wenyewe walilalamika joto. "Na wewe?" nikamuuliza. Akasema hata yeye, kusema kweli. Nilimwomba angalau wanaokohoa wakae nje kivulini, wangoje huko. Akasema kumweka mgonjwa nje juani ni ukatili, watu watasema zahanati inawabagua. Ni mtu mwema. Anawaua kwa wema, na hakuna sheria ya kumkamata mtu mwema.

Namuria alipomaliza dawa, na Ekai akiwa ameanza kusimama kwa kushikilia, aliniambia, "Twende Kerio. Nataka abarikiwe." Nikaomba ruhusa kazini. Tulipanda pikipiki mbili kutoka Lodwar, yeye na mtoto kwenye ya kwanza, mimi nyuma nikimeza mchanga.

Mzee Erupe alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, anashona wavu. Alituona kwa mbali, akasimama, akavuta shuka akaziba mdomo. Mbele ya kibanda alikuwa ameweka mawe mawili ya kukalia, mbali na alipokuwa yeye. Hayo ndiyo mapokezi tuliyopewa.

Namuria hakukaa kwenye jiwe. Alimfuata mpaka akasimama mbele yake. "Apa, nilikosea. Si wewe uliyenipa ugonjwa. Ni kile chumba cha kazi. Malith ameugua na hakuwahi kukuona. Nilikunyima kitu ambacho hakikuwa na kosa."

Mzee akasikiliza, mdomo bado umezibwa. "Mate yangu haina ugonjwa?"

"Hayana, Apa."

"Siku ile ilikuwa na ugonjwa."

"Hata siku ile hayakuwa nao."

"Nani alikufundisha siku ile?"

"Semina."

"Na sasa nani amekufundisha?"

Namuria akanitazama mimi. "Semina, Apa," nikajibu, kwa sababu ni kweli, na niliona aibu jinsi jibu hilo lilivyosikika.

Mzee akacheka, kicheko kikavu. Lakini akashusha shuka. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake wote, mashavu yamerudi, mtu mzima wa afya. Alimtazama mjukuu wake, akatoa tumbaku yake. Nikajua atakubali. Namuria naye alijua, akaanza kumfungua Ekai mgongoni.

"Ngoja," mzee akasema. "Wakati watu walinikimbia, mtu mmoja hakunikimbia. Alikula na mimi. Mtoto hii tutabariki sisi wawili." Akaita kwa sauti kuelekea kichaka cha mikoma. "Lokorio!"

Lokorio akatoka, mzee mwembamba mwenye fimbo, amejipaka mafuta kwa heshima ya siku hiyo. Walikuwa wamejiandaa, bila shaka habari ya kuja kwetu ilitutangulia. Alitembea hatua chache, akasimama, akainama juu ya fimbo, akakohoa. Si kikohozi cha vumbi. Mimi nakijua kile kikohozi nikiwa usingizini. Kilianzia chini, kikamvuta mabega, kikamwacha na machozi. Alipomaliza akafuta mdomo, akatabasamu, akaendelea kuja, mikono ameinyoosha kwa mtoto.

Namuria akageuka, Ekai kifuani, na mkono wake wa pili ukainuka, kiganja mbele.

Sidhani aliupeleka. Ulikwenda wenyewe. Lokorio akasimama pale pale. Mzee Erupe akauona ule mkono, akaukumbuka, na uso wake ukafungika.

"Apa Lokorio," Namuria akasema haraka, "unakohoa tangu lini?"

"Tangu mvua ile."

"Umepimwa?"

"Mimi si mgonjwa. Ni kifua tu."

Basi akawaeleza. Alieleza vizuri, afadhali kuliko semina zote nilizokaa. Kwamba mate hayana neno, hata ya Lokorio hayana neno. Kwamba shida ni kikohozi, pumzi inayotoka nacho, na mtu hawezi kumbariki mtoto bila kumkaribia uso kwa uso, na kwa kifua kile hatamaliza maneno bila kukohoa usoni mwa mtoto. Baba yake ambariki sasa hivi, hapa hapa. Lokorio aende akapimwe, akitibiwa na kupona naye atambariki, na yeye Namuria atampikia mbuzi. Alisema yote hayo akiwa bado ameinua mkono, na hakuna kati ya wale wazee wawili aliyesikia neno. Waliutazama mkono.

"Ulinikataza mimi," mzee akasema polepole, "ukasema ni sababu ya ugonjwa. Kumbe uongo. Leo unakataza huyu, unasema ni sababu ya ugonjwa. Nitajuaje hii ni kweli?"

"Ni kweli, Apa. Muulize Nekesa."

"Nekesa ni wenu." Akaokota wavu wake. "Mimi sitabariki peke yangu. Huyu alikula na mimi. Ukikataa yeye umekataa mimi."

Nilifungua mdomo wangu, ule mdomo ninaousifia, nikaufunga tena. Kama Namuria angemruhusu Lokorio, angepata baraka aliyoililia mwaka mzima, na pengine mtoto asingepata dhara lolote, upepo wa ziwa ulikuwa mkali pale nje. Pengine. Nilimwona akilipima hilo pengine. Kisha akamrudisha Ekai mgongoni, akafunga shuka kifundo, akakaza.

"Nitangoja," akasema. "Apimwe, atibiwe, nije niwapate wawili wazima."

"Na nikikufa kabla?" mzee akauliza.

Namuria alimgeukia Lokorio, akaonyesha pikipiki yangu, akamwambia, "Apa, panda. Twende Lodwar leo."

Lokorio akaegemea fimbo yake, akamtazama rafiki yake, akingoja kuambiwa apande au akatae. Mzee Erupe alikuwa ameinamia wavu, anatafuta pale uzi ulipokatikia, na hakuinua kichwa.